Asilimia 94 yao, 4 yangu: nani kakosea?

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Columbus, Ohio. Kila Ijumaa usiku tunakodi muvi kwenye televisheni, dola sita hivi, na ikiwa mpya kabisa tunalipa hadi ishirini. Jumamosi asubuhi natuma alama zangu kwenye grupu la familia la WhatsApp: 2 kati ya 10, 7 kati ya 10, na maneno machache. Ndugu zangu walioko Tanga na Nairobi nao hutuma zao. Tatizo ni kwamba hatukubaliani kamwe. Mwezi uliopita nilikodi muvi yenye asilimia 94 kwenye Rotten Tomatoes, nikaipa 4. Shemeji wa Nairobi, aliyeiona sinema, akaniambia sijui filamu. Mdogo wangu wa Tanga akaipa 9. Kuna nyingine ilikuwa na asilimia 38, tukacheka mpaka machozi, nikaipa 8. Mume wangu hatoi alama kwa sababu kila muvi, ikifika dakika ya ishirini, ameshalala na anakoroma. Nimegundua pia kuwa hata mimi sijielewi. Nimepitia alama zangu za mwaka jana: kuna muvi nimeipa 8 na siikumbuki hata kidogo, na kuna niliyoipa 5 ambayo mpaka leo naifikiria. Na zile filamu za maana nilizoziweka kwenye orodha tangu mwaka jana hatuzifungui. Je, alama hizi zina maana yoyote? Nifanyeje ili zangu ziwe za haki? Halafu mtoto wetu mdogo wa miaka 7 anaogopa kulala peke yake tangu tuangalie ile ya mizimu, wiki ya tatu sasa."*

Dada, nianze na shemeji, maana naona ndiye aliyekuchoma. Kuipa 4 muvi iliyosifiwa na wahakiki hakumaanishi hujui filamu. Nimeandika uhakiki kwa miaka, na mezani na wenzangu tunapishana alama kila siku bila mtu kuambiwa hajui kazi. Kosa lililopo kwenye grupu lenu ni la wote: mnalinganisha namba ambazo hazikutoka kwenye kipimo kimoja. Ile 94, 4 yako na 9 ya mdogo wako zinajibu maswali matatu tofauti. Mkishajua kila moja inajibu swali gani, ugomvi mwingi utakwisha, na utakaobaki utakuwa ule mtamu.

Tushike hiyo 94 kwanza, kwa sababu ndiyo inayopotosha watu kuliko zote.

Mtu akiona asilimia 94 anaisoma kama maksi za mtihani: imepata 94 kati ya 100, basi ni daraja la kwanza. Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanza mwaka 1998, haisahihishi mtihani wowote. Inakusanya tahakiki zilizochapishwa, na kwa kila moja inauliza jambo moja tu: huyu mhakiki ameikubali au ameikataa? Uhakiki wa maneno elfu mbili, wenye sifa hapa na manung'uniko pale, unaishia kuwa ndiyo au hapana. Kisha wanahesabu ndiyo ni ngapi kati ya zote. Zikifika 60 katika 100, filamu inapewa nyanya nyekundu.

Sasa chukua pilau ya harusi. Waulize wageni mia moja, "Inalika?" Tisini na wanne wakisema inalika, umepata asilimia 94, na huenda hakuna hata mmoja atakayeikumbuka wiki ijayo. Filamu ambayo kila mhakiki ameipa 6 na nusu kati ya 10 inaweza kupata asilimia 100. Ile ambayo nusu yao wameiita kazi ya kipekee na nusu wametoka wamenuna inapata 50. Kwa hiyo hesabu hii huibeba filamu isiyomkera mtu na kuiangusha ile inayogawa watu, wakati wengi wetu filamu tulizowahi kuzipenda sana ni hizo za kugawa watu. Siku nyingine, kabla hujatoa dola ishirini, bofya hiyo asilimia yenyewe. Ndani yake utaona wastani wa alama za wahakiki kati ya 10. Ukikuta asilimia 94 yenye wastani wa 6.9, ujue ni muvi ya kukubalika. Ukikuta 94 yenye wastani wa 8.8, hapo kuna watu wameipenda kwa dhati.

Namba nyingine nazo zina tabia zake. Metacritic, tovuti nyingine ya tahakiki, inageuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, halafu inatoa wastani ambao baadhi ya wahakiki wana uzito kuliko wengine. 75 yake ni habari nzuri kuliko 75 ya Rotten Tomatoes. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, inapokea kura za watazamaji, 1 hadi 10, nayo haitoi wastani wa kawaida: kura hupewa uzito tofauti kwa fomula ambayo hawaitangazi. CinemaScore, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, inawauliza watu wanaotoka sinema usiku wa kwanza wa filamu, kisha inatoa herufi kuanzia A+ hadi F. Hao ni watu waliokwishaamua kununua tiketi siku ya kwanza, kwa hiyo wana huruma. Kwao B ni ya kawaida na C ni msiba, isipokuwa filamu za kutisha ambazo mara nyingi hupewa herufi za chini hata zikiwa nzuri.

Halafu kuna suala la nani anapiga kura. Aliyefurahi kiasi hafungui simu kuandika chochote. Anazima taa na kulala. Anayeandika ni aliyependa mno au aliyechukia mno, na siku hizi wapo wanaochukia kabla hawajaangalia. Ndiyo sababu mwezi Februari 2019 Rotten Tomatoes iliondoa nafasi ya watu kuandika maoni kabla filamu haijatoka. Ukiona filamu ina kura nyingi za 10 na nyingi za 1 huku katikati hamna kitu, unachokiona hapo ni mashabiki na wapinzani wanagombana. Kama muvi ni nzuri au mbaya, huwezi kujua.

Na ile ya asilimia 38 iliyowachekesha? Wahakiki 38 katika kila 100 waliikubali. Hao hawakukosea, na wewe hukukosea. Mhakiki huangalia filamu kila wiki mwaka mzima, mara nyingi asubuhi, daftari mkononi, kwenye ukumbi wa watu wachache wanaojifanya hawacheki. Mzaha uliokutia machozi ameshausikia kwenye muvi nyingine nyingi. Wewe ulikuwa na watoto kochini, na kicheko cha mtoto kinambeba na mzazi. Vichekesho na filamu za kutisha ndizo zinazoumia zaidi katika kupimwa na mtu aliye peke yake. Nikikuta kichekesho kina asilimia 38 kutoka kwa wahakiki na watazamaji wamekikubali kwa 80 na kitu, mimi nakodi bila wasiwasi.

Sasa twende Tanga, maana huko ndiko kwenye utamu.

Muulize mdogo wako swali moja: hiyo muvi aliyoipa 9 ilikuwa imetafsiriwa? Kama aliwekewa kwenye flashi pale kibandani, uwezekano ni mkubwa kwamba ilikuwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Unajua mwenyewe jinsi kazi hiyo ilivyo. Sauti ya filamu inashushwa, jamaa anaingia na kusema kwa niaba ya wote: steringi, adui, bibi wa dukani, mpaka mbwa. Anampa adui jina la mtaani. Anakuonya kwamba yule mlinzi ni msaliti kabla mwandishi wa filamu hajataka ujue. Mahali ambapo mwongozaji ameacha ukimya wa dakika nzima ili ujisikie vibaya, mtafsiri anautumia ukimya huo kupiga soga. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao, na watu wanaingia bandani kwa jina la mtafsiri kabla ya jina la mwigizaji. Si jambo la kwetu peke yetu: enzi za filamu bila sauti, Japani walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakisema maneno ya waigizaji wote, na wale maarufu walivuta watu kuliko filamu yenyewe.

Kwa hiyo 9 ya mdogo wako imegawanywa kati ya filamu na mtu aliyeisimulia. Wewe uliangalia ile ile ikiwa na ukimya wake, Kiingereza cha kunong'ona na maandishi madogo chini. Nikifikiria aina ya filamu ambazo wahakiki huzipa 94, nyingi ni za polepole, za watu wawili kutazamana jikoni. Mtafsiri mwenye kipaji anaweza kuipa filamu ya namna hiyo mwendo ambao haikuwa nao. Mwambie akutumie jina la mtafsiri, na alama yake muiandike hivyo: "9, iliyotafsiriwa." Baadhi ya watu wa fani yangu wanaiona tafsiri hii kama uharibifu. Mimi sioni hivyo, ila napenda tujue tunapima nini.

Shemeji naye ana lake. Aliiona sinema, gizani, pazia kubwa, simu mfukoni. Wewe uliiona kwenye televisheni, na hapa naomba uinuke ukaguse kitu kabla ya Ijumaa ijayo.

Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za kisasa zina kitu kinachobuni picha za ziada na kuzichomeka katikati ili mwendo uonekane laini. Kwa mpira ni sawa. Kwa filamu, matokeo yake ni kwamba muvi ya mamilioni ya dola inaonekana kama tamthilia ya mchana: nyuso zinateleza, seti zinaonekana za mbao, na wewe unahisi uigizaji ni mbovu bila kujua kwa nini. Mwezi Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video fupi kuwaomba watu wakizime kitu hicho, na mwaka 2019 watengenezaji kadhaa wa televisheni walikubaliana kuweka mpangilio maalumu wa kuangalia filamu kama ilivyotengenezwa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta ule wa sinema au wa mtengeneza filamu, uuchague. Kazi ya dakika mbili.

Sauti ni tatizo la pili. Filamu inachanganywa kwa spika nyingi, na maneno ya waigizaji yana spika yake ya katikati. Televisheni yako nyembamba ina spika mbili ndogo, mara nyingi zinaangalia chini au ukutani. Ndiyo maana mnaongeza sauti wakati wa mazungumzo na kukimbilia rimoti bomu linapolipuka. Baadhi ya muvi watu wanazoziita "hazieleweki" hazikueleweka kwa sababu hazikusikika. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, na kama kuna mpangilio wa kukuza mazungumzo, uwashe. Zima na taa ya sebuleni, hasa kwa filamu zenye giza giza. Sikuahidi kwamba ile 4 itakuwa 8. Inaweza kuwa 5. Lakini angalau utakuwa umeipima filamu yenyewe.

Bei nayo imo kwenye alama, tusidanganyane. Muvi ya dola sita ikikuchosha unasema "basi." Ya dola ishirini ikikuchosha unahisi umeibiwa, na unaikata alama kana kwamba mwongozaji ndiye aliyekupangia bei. Na ile 94 yenyewe ilikuharibia: ulikaa kochini ukiidai filamu, ukisubiri huo ubora uje. Ile ya 38 hukuidai chochote, ikakulipa. Kama unaweza kuvumilia, subiri miezi miwili mitatu bei ishuke. Kelele nazo zitakuwa zimeshuka.

Umeniuliza pia kwa nini hujielewi mwenyewe, na hapo nina habari ya kukupoza moyo. Mwaka 2006 Netflix, ambayo wakati ule ilikuwa ikikodisha DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 uwezo wa kompyuta zake kubashiri mteja ataipa filamu nyota ngapi. Walitoa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja kama 480,000 kwa filamu 17,770. Wataalamu wa hesabu kutoka nchi mbalimbali walihangaika karibu miaka mitatu. Mwaka 2009 timu moja ilishinda, na hata hiyo iliyoshinda ilibaki ikikosea kwa takribani nyota 0.86 kati ya tano. Pamoja na akili zote hizo! Sababu mojawapo waliyoiona ni kwamba mtu hatoi alama kwa kipimo kile kile kila siku. Siku hii ana mkono mwepesi, siku ile mzito. Muvi aliyoiangalia jana anaipima tofauti na ile anayoikumbuka kutoka miaka iliyopita. Kwa hiyo 7 yako ya Machi na 7 yako ya Oktoba si lazima ziwe ndugu, na tofauti ya alama moja kati yako na mtu mwingine haina uzito wowote. Msiigombanie.

Ile 8 usiyoikumbuka ilikuwa alama ya kweli ya usiku ule: mlifurahi, mkalala. Ile 5 inayokurudia ilikuwa nayo ya kweli, kwa sababu usiku ule ilikuchosha au ilikuudhi. Tunachokikumbuka baadaye kinatawaliwa na kilele cha jambo na mwisho wake, na filamu yenye saa moja nzito na dakika kumi za ajabu huadhibiwa siku ya kwanza na kusamehewa baada ya mwezi. Usizifute hizo namba. Ongeza ya pili. Mwisho wa mwezi pitia ulizoziangalia, na kando ya kila alama andika alama ya leo. Pale ambapo namba mbili zinaachana ndipo utaanza kujua unapenda nini hasa, na nakuhakikishia utashangaa.

Kuhusu filamu za maana zilizolala kwenye orodha, hilo limepimwa. Mwaka 1999 watafiti walichapisha jaribio ambamo watu walichagua filamu za kukodi: waliochagua ya kuangalia usiku huo huo walielekea kuchukua za burudani, na waliochagua za siku zijazo walichukua zaidi zile nzito, za kujenga. Miaka kumi baadaye wengine walichunguza wateja wa kampuni moja ya Australia ya kukodisha DVD kwa mtandao, wakakuta kwamba filamu za "inafaa niione" zilikaa nyumbani muda mrefu kuliko za "nataka kuiona." Wateja wale wa Australia na wewe wa Columbus mna ugonjwa mmoja. Netflix nao waliona hivyo hivyo: watu walikuwa wanaipa filamu ya dokumentari nyota tano, halafu jioni wanafungua vichekesho. Mwaka 2017 waliondoa nyota kabisa wakaweka dole gumba. Ushauri wangu ni usikodi filamu nzito Ijumaa usiku baada ya wiki ya kazi. Ikodi Jumapili mchana, watoto wakiwa wametoka. Kwa kawaida ukishalipa una siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza ukishabonyeza, na hiyo saa inayokimbia inasaidia kuliko nia njema.

Sasa, alama za haki. Una njia tatu na kila moja ina hasara yake. Unaweza kuacha namba kabisa ukaandika maneno tu. Ni njia ya heshima, lakini grupu la familia halitasoma aya tatu, na baada ya mwaka hutaweza kupanga muvi zako. Unaweza kutumia dole juu au chini. Ni rahisi na haina ubishi, ila 6 na 10 zinakuwa kitu kimoja, yaani unarudi kule kule kwenye nyanya. Au ubaki na 1 hadi 10, ukubali kwamba ni ripoti ya jioni moja, na uiandike kama ripoti. Mimi nachagua hiyo ya tatu. Usijibane kuwa "wa haki" kwa filamu. Filamu haitajua. Kuwa wa haki kwa anayesoma, yule ndugu anayetaka kujua kama atoe pesa yake.

Linganisha ujumbe huu: "Mbovu. 4/10. Msipoteze hela." Na huu: "4/10. Tuliilipia dola 20, tukaanza saa nne usiku, watoto wamelala. Polepole sana, nusu saa ya kwanza hakuna linalotokea. Yule mama anaigiza vizuri mno. Mwenye subira ataipenda, mimi nilitaka kitu cha kunichangamsha." Wa kwanza unamwambia shemeji umekasirika. Wa pili unamwambia kila kitu, na akiisoma ataona kwamba malalamiko yako ndiyo sababu yake ya kuipenda. Mhakiki mzuri ni yule ambaye hata ukipingana naye unajua kutokana na maneno yake kama filamu itakufaa.

Na huyo shemeji usimkimbie. Kama kila anachokisifu wewe kinakuboa, ana thamani kubwa kuliko tovuti zote: akitoa 9, wewe ruka; akilalamika kwamba muvi ni ya kitoto, kodi. Mtu anayepingana nawe mfululizo anatabirika. Asiyefaa ni yule anayeipa kila muvi 7.

Usidharau pia vinamba vyenu vya Jumamosi. *The Shawshank Redemption*, ambayo kwa miaka mingi imekaa kileleni mwa orodha ya watazamaji wa IMDb, ilipotoka mwaka 1994 haikuvuta watu sinema. Mzunguko wake wa kwanza haukurudisha hata gharama ya kuitengeneza. Mwaka 1995 ikawa miongoni mwa kanda zilizokodiwa zaidi Marekani. Ilibebwa na watu wa kochini kama wewe, waliokodi, wakamwambia jirani.

Nimalizie na mambo mawili ambayo si ya filamu, na mimi si daktari.

Mtoto wa miaka 7 kuogopa usiku mmoja au wiki moja baada ya muvi ya mizimu ni jambo la kawaida. Mwachie taa ndogo, muulize ni picha gani hasa inayomrudia, muongee mchana kuhusu jinsi inavyotengenezwa, rangi na nyaya na mtu aliyevaa vazi. Lakini wiki ya tatu ni ndefu. Kama hali haipungui, au imeanza kumharibia usingizi, chakula au shule, mpeleke kwa daktari wake wa watoto au ongea na mshauri wa shuleni. Wote wawili wameyaona haya mara nyingi. Kwa siku zijazo, usitegemee asilimia kukuambia kama inafaa watoto, maana hiyo haimo. Angalia herufi: PG-13, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984, ni onyo kwamba yaliyomo yanaweza yasifae walio chini ya miaka 13. Kwenye ukurasa wa kila filamu IMDb kuna sehemu ya wazazi inayotaja tukio kwa tukio.

Mume wako anaweza kuwa amechoka tu. Jaribuni kuanza saa moja na nusu badala ya saa nne, mwone kama ataifikisha muvi mwisho. Ila msikilize anavyokoroma. Kama mkoromo unakatika, kimya kinapita, kisha anashtuka akivuta pumzi kwa nguvu, au kama anaamka na kichwa kinauma, au anasinzia hata akiwa kwenye usukani, hilo lisisubiri Ijumaa nyingine. Mpangie miadi na daktari wenu, umweleze ulichokisikia kwa maneno hayo hayo, maana yeye mwenyewe atasema analala vizuri. Huenda wakampima usingizi. Hadi hapo, kama anasinzia, asiendeshe gari, mchana wala usiku.